Ripoti ya Asubuhi ya Bendera

Mume wangu alikuwa dereva wa kampuni ya shaba, nami nilifundisha darasa la tano. Asubuhi ile aligongana na lori la unga lililotoka mpakani Kasumbalesa, kwenye mwinuko mbele ya kituo cha askari jandarme, bendera ikipandishwa. Hakuna aliyeumia. Saa nne mtu alikuja kuniita shuleni, nikakimbia mpaka kituoni na chaki mkononi.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi, kofia magotini, pamoja na dereva wa lori.

"Nilisha kusinye karatasi," mume wangu akasema.

"Ulisoma?"

Akatazama chini. Nikawaka. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, anatia sahihi bila kusoma! Nikaingia ndani nikaomba kuonyeshwa ripoti.

Siku zile, wimbo ukianza na bendera ikipanda, kila kitu kilisimama: mwenye baiskeli, mama mwenye beseni la mihogo, magari, hata walevi. Ulisimama wima, uso kwa bendera, mpaka ifike juu. Asiyesimama hakuhesabiwa kosa la barabara. Alikuwa ameidharau nchi. Na ripoti ilisema, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba gari la mume wangu lilirudi kinyumenyume bendera ikipanda, likagonga lori lililosimama. Saa nane ripoti ingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kazi ingekwisha, na pamoja na kazi nyumba ya kambi, unga wa kila mwezi, na hospitali alikotibiwa kifua mwanangu wa mwisho. Na yeye mwenyewe, nani angejua wangempeleka wapi?

"Shefu," nikamwambia jandarme mkubwa, "hapa kuko makosa. Bwana yangu alikuwa amesimama. Ni lori ndiyo ilimugonga kwa nyuma."

"Mama, weye ulikuwa pale?"

"Hapana, Shefu."

"Basi rudia kwa batoto yako ya masomo."

Dereva wa lori akadakia kutoka mlangoni: "Shefu, miye nilikuwa nasimama! Gari yake ndiyo ilinirudilia."

"Bongo! Uongo mutupu!" nikamkemea. "Huyu muntu iko anasema bongo, Shefu. Anaogopa patroni yake."

Nikaisoma tena ripoti. Mwisho wake jandarme huyo mkubwa alikuwa ameandika kwamba aliona yote kwa macho yake mwenyewe. Nafikiri aliandika kwa mazoea tu, ili ripoti ipate nguvu. Lakini mlingoti ulikuwa uani, na mtu akiutazama, barabara inabaki mgongoni kwake. Mdomo huponza kichwa, mama yangu alinionya tangu utotoni, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Hata hivyo nikaufungua.

"Shefu, unisamehe. Hapa uliandika uliona. Wakati bendera inapanda, ulikuwa unaangalia bendera ao barabara?"

Mchapaji kwenye meza ya pili akainua macho. Jandarme akanitazama, na sijatazamwa vile tena. Alikuwa na uwezo wa kunifunga kwa swali lile. Alijua pia kwamba mkubwa wake akiisoma ripoti, anaweza kuuliza lilelile, na aliyetazama barabara naye alikuwa ameidharau nchi.

"Nilikuwa naangalia bendera," akasema.

"Ni vile nilifikiri, Shefu."

Akachana zile karatasi pamoja na kaboni yake, akaamuru ripoti nyingine ichapwe. Hiyo mpya haikutaja tena kwamba yeye aliona; ilisema kwamba gari lilisimama kwa heshima, lori likaja kwa nyuma bila kusimama. Niliisoma neno kwa neno, mara mbili, ndipo nikamwita mume wangu atie sahihi. Alitia sahihi bila kunitazama. Nikadhani ni hofu.

Tulipotoka nilitaka kucheka, kulia na kumtukana, vyote pamoja. Hatujafika hata kwenye geti, akasimama.

"Mama ya batoto," akasema, "nilisoma. Guu iliteleza kwa freni, gari ikarudia nyuma kidogo. Ule muntu alisema kweli."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kurudi ndani, au ndivyo ninavyopenda kujiambia siku hizi. Sikurudi. Dirisha la kituo lilikuwa wazi, na tukamsikia jandarme akimwambia dereva wa lori avue viatu na mkanda, aingie mahabusu.