Siku Jepleting Alisukuma Pikipiki

Wacha niseme ukweli hata kama ni damu yangu: Jepleting, mtoto wa kakangu, ni kichwa ngumu. Ana miaka kumi na tisa, na tangu amalize Form Four anabebea watu wa hapa Mau Narok maziwa kwa pikipiki, buti za babake miguuni, akiimba njia yote. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanijibu, "Anti, guu likivunjika kuna plasta. Maisha ikipita kabla uionje, utaifunga na nini?" Sasa mtu kama huyo utamfanyia nini? Nilimwongezea chai.

Hapa kwetu barabara inateremka kuelekea Njoro, na watu wa boda wana tabia ya kuzima injini huko juu na kushuka fri, eti kuokoa mafuta. Vijana wakaigeuza mashindano: nani atafika mbali zaidi bila kugusa breki. Pasaka iliyopita Jepleting alifika hadi kwa daraja, akawashinda wavulana wote. Nilimfokea wiki nzima, na moyoni, Mungu anisamehe, nilijivunia kidogo.

Mwezi wa nane Bravin, mtoto wa jirani yetu wa huko chini, aliyesoma darasa moja na Jepleting, akataka kulipita hilo daraja. Akakutana na lori la viazi kwa kona.

Siku ya mazishi boda zilijaa hapa senta, kwa maduka, karibu hamsini. Mwenzao akifa, wao husindikiza jeneza wakipiga honi, wengine wamesimama juu ya kiti wameachilia mikono, hiyo ndiyo heshima yao. Boma la kina Bravin liko chini, kwa hivyo tungeshuka mlima ule ule, tupite kona ile ile. Kipsang, mwenyekiti wao, akasema Jepleting aongoze, kwa sababu yeye ndiye mwenye rekodi ya daraja. Mimi nilikuwa nimemshika mkono Mama Bravin kando ya gari la maiti. Niliona kabisa leo tunaenda kuzika mwingine.

Jepleting akaenda mbele, akazima injini. Vijana wakashangilia, wakadhani anashuka fri. Yeye akashuka kwa kiti, akavua helmeti, akatugeukia. Hata wa nyuma walimsikia.

"Rekodi ya daraja ni yangu. Bravin alikuwa anaifukuza. Alipenda kuishi, hata mimi napenda, lakini ile kitu tulikuwa tunafanya haikuwa kuishi. Leo mimi nasukuma. Mwenye ako na haraka anipite."

Hakuna aliyempita. Kipsang alinung'unika kwamba msichana anawaaibisha, kisha na yeye akazima yake. Kushuka mlima na pikipiki mkononi si mchezo, inakuvuta kama ng'ombe aliyeona maji. Kilomita mbili nzima, bila honi hata moja, ni viatu tu na upepo kwa ngano.

Haki niliona aibu. Ni nani kati yetu sisi watu wazima angesema vile mbele ya mama wa marehemu? Tungesema ni mapenzi ya Mungu, halafu tupakue wali.

Baada ya kuzika, Mama Bravin alimfuata Jepleting nyuma ya tangi la maji, mahali alikuwa anaosha vikombe. Nikakimbia huko, nikijua ni laana inakuja. Jepleting aliinamisha kichwa, akangoja.

"Nibebe kwa hiyo pikipiki," Mama Bravin akamwambia. "Nataka kusikia vile mtoto wangu alikuwa anasikia."

Jepleting akaniangalia mimi. Na ukali wangu wote, nikaitikia kwa kichwa.

Alimvalisha helmeti yake mwenyewe juu ya kitambaa cha kichwa, akaifunga vizuri chini ya kidevu, yeye akaomba ya Kipsang avae. Hakushika njia ya mlima, alikata kulia kwa ile barabara tambarare ya katikati ya mashamba. Walienda polepole mpaka wakafika mbali kidogo, halafu nikasikia injini ikipanda na mama wa watu akipiga nduru. Woi, nilitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwa matope.

Niliwakuta wakigeuza kurudi. Mama Bravin alikuwa amemkumbatia Jepleting kiunoni, machozi yanamtiririka, anacheka, na alikuwa anamwambia, "Ongeza kidogo, mwanangu."