Pawatila Chini ya Dungu

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, kaa vizuri nikusimulie. Usiniangalie sare ya shule. Mzee ni yule mwenye la kukwambia, na mimi wa kidato cha tatu ninalo.

Ilikuwa likizo. Nilikuwa bondeni Rufiji kwa bibi yangu, juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa kulinda mpunga. Kazi yangu kuvuta kamba ya makopo ili ndege waruke. Ndege wenyewe walishanizoea, nadhani walijua ni muziki. Mara nikasikia pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili. Ni mjomba Shabani, kitinda mimba wa bibi, anakuja mbio kama anafukuzwa na kiboko. Akaiingiza chini ya dungu, tukaifunika majani.

Mjomba alikuwa dereva wa kampuni moja ya ufuta pale Kibiti. Kampuni ilidaiwa na kila mtu: benki, wakulima, wafanyakazi, hadi mama ntilie wa getini. Wadai walikwenda mahakamani, na asubuhi ile mahakama ikaamuru ifungwe na kufilisiwa. Akateuliwa mfilisi wa kukusanya mali yote, aiuze, awagawie wadai. Mjomba, ambaye hajaona mshahara tangu mvua za vuli, aliposikia hivyo akawasha pawatila ya kampuni, akaondoka nayo.

"Nimejilipa," akasema, jasho linamtoka.

"Sasa mjomba, wakikufunga, nairithi mimi?"

Hakucheka. Mwanangu, mjomba asiyecheka utani wangu ama anaumwa ama ana hofu. Pikipiki ikilia njiani, anainama nyuma ya tairi. Ikipita ya muuza samaki, anainama vilevile. Na mimi nikaanza kuinama naye, maana majani yale tulifunika wote, na sikujua polisi kama wanapenda mzaha.

Bibi muda wote yuko kando yetu anachambua majani ya maboga. Kisha akauliza kama anayeuliza chumvi:

"Shabani, bwawa letu likipungua maji, kuna mtu anaingia na tenga kabla siku haijatangazwa?"

Kwetu mafuriko yakishuka, samaki hubaki bwawani, na hakuna wa kuwagusa mpaka itangazwe siku. Wote wanaingia pamoja, hata mjane na kitenga chake.

"Mama, mimi nadai jasho langu."

"Na mimi? Ufuta wangu si waliuchukua kwa ahadi? Hiyo ikiuzwa, na mimi nina tairi langu humo. Umemwibia mama yako, halafu umekuja kumfichia chini ya dungu lake mwenyewe."

Nilitaka kucheka, nikaona macho ya mjomba, nikameza.

"Na wewe mume wangu," bibi akanigeukia, "ondoa hayo majani. Panda naye, asije akabadili njia."

Tukarudi Kibiti. Getini kulikuwa na kufuli jipya, askari mmoja, na mfilisi, dada mwenye baibui na miwani.

"Umeitoa lini?" mfilisi akauliza.

Nilimwombea mjomba adanganye. Mjomba akasema, "Leo. Baada ya amri."

Dada akamtazama askari. Mimi nikatazama viatu vyangu, nikapanga nitakavyomweleza bibi.

"Ungeiuza, mnunuzi angenyang'anywa na wewe ungeshtakiwa," akasema mwishowe. "Ingiza ndani. Halafu njoo uandikishe dai lako la mshahara. Na mama yako aje na la ufuta."

Mjomba akaiingiza, kisha akaenda kuandikisha dai lake.

Hadi leo tunasubiri. Labda watapata chote, labda cha kununulia sukari tu. Simu ikiita, mjomba anaacha tonge mkononi. Lakini pikipiki zikipita, hainami tena.

Basi mwanangu, kampuni ikifilisiwa na wewe unaidai, usijilipe kwa kubeba. Kiti unachokibeba kina mguu wa mtu mwingine, na pengine mtu huyo amekupikia chakula cha jana. Nenda kadai mbele za watu, ukasubiri na wenzako, hata kama kusubiri kunakukondesha.

Mungu akupe haki yako yote. Ikichelewa, akupe usingizi usioshtuliwa na pikipiki ya muuza samaki.