Mshiriki Hai

Kwa miaka tisa nimekuwa katibu wa jumuiya ya mtaa wetu hapa Dodoma. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunaimba, tunasoma neno, tunaomba, kisha nafungua daftari na kuita majina. Aliyepo namwekea alama ya vema, asiyekuwepo naandika H, yaani hayupo. Ukitaka kubatiza mtoto, kuoa au kuzika kwa taratibu za kanisa letu, unaanzia kwenye daftari hilo. Mchungaji hampokei mtu asiye na barua ya jumuiya.

Mwaka jana aliyehitaji barua alikuwa binti yangu.

Jina lake lilikuwa na H miaka mitatu mfululizo, na niliyeziandika ni mimi. Jumapili alikuwa akisali kwenye hema kubwa nyuma ya nyumba mpya za watumishi wa serikali, na mchumba wake walikutana hukohuko. Lakini mama yangu, ambaye bado anaishi kijijini, alikuwa ametamka kwa Kigogo, lugha anayoitumia asipotaka kubishiwa, kwamba hatapanda basi kuja kuona mjukuu wake akifungia ndoa kwenye turubai. Binti anampenda bibi yake kuliko anavyotupenda sisi wengine. Akakubali ndoa ifungwe kanisani kwetu.

Hapo ndipo mambo yaliponichanganya, na bado yananichanganya. Nilipoanza ukatibu, mtaa ulikuwa na nyumba chache na mashamba ya mtama katikati. Serikali ilipohamia, nyumba zikajaa, na mageti. Tunaokutana Jumamosi ni walewale, na wawili tumeshawazika. Ningeishia hapo ningesema dini inakwisha. Lakini Ijumaa mchana korido za ofisini kwetu zinabaki tupu, na msikitini watu wanatandika mikeka hadi barabarani. Kule kwenye hema viti vinafika mtaroni. Vijana wa idara yangu wana kundi la maombi kwenye simu, wanafunga na kukesha, na haohao ukiwagongea geti Jumamosi hawafungui. Sijui nihesabu kipi.

Siku ya kujadili barua tulikutana kwa mwenyekiti wetu, mama anayeuza alizeti na mtama sokoni Majengo. Binti alikuja, akaketi karibu na mlango. Mwenyekiti akaniambia nisome daftari. Nikasoma. Ilichukua muda, maana sikuruka hata Jumamosi moja.

Fundi seremala mmoja mzee, aliyekaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, akamgeukia binti.

“Tulidhani umehama mkoa, mjukuu wangu.”

“Shikamoo, babu. Nipo.”

“Marahaba. Huko kwenye hema, viti vyao ni vya plastiki au vya mbao?”

Watu wakacheka, binti naye akacheka kidogo. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba kule watu humuuliza anataka aombewe nini, na kwamba kwetu tangu aingie ameulizwa tu alikokuwa. Kicheko kikaisha.

Mwenyekiti akasema gunia la alizeti analiweka kwenye mzani na ubishi unakwisha, lakini hili hana mzani wake. Akanigeukia.

“Katibu, nyumbani anasali?”

“Anasali. Kila siku saa kumi alfajiri. Ananiamsha.”

“Na wewe ukishaamka?”

Nikasema huwa najifunika shuka nasikiliza. Fundi akauliza kama nasikiliza kwa kuomba au kwa kusubiri amalize. Wakacheka tena. Mimi sikuweza, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Mwenye vema nyingi kuliko wote mle ndani nilikuwa mimi, na sikukumbuka ni lini niliomba nikiwa peke yangu.

Mwenyekiti akaamua barua itolewe, akaniachia niiandike.

Nikaandika kwamba namfahamu, kwamba anasali, kwamba hana kizuizi cha ndoa. Siku iliyofuata mchungaji akairudisha. Hakukasirika. Alisema tu kwamba barua zote zina sentensi moja, “ni mshiriki hai wa jumuiya yetu”, na kwamba bila sentensi hiyo hawezi kuanza kutangaza ndoa. Siku za kutangaza zilikuwa zimebaki chache.

Nilikaa na karatasi mpya tangu asubuhi hadi mchana. Nikiandika mshiriki, daftari langu linanikana. Nikiacha neno hai, namkana mwanangu, ambaye kwa uhai wa imani ananishinda. Nilijaribu kuiandika sentensi hiyo kwa jina langu mwenyewe, nione kama itakaa. Neno la kwanza lilikaa. La pili nilisita. Nikachana karatasi, nikachukua nyingine, nikaandika jina lake na sentensi yote kama mchungaji alivyotaka, nikaweka sahihi.

Binti aliisoma amesimama.

“Baba, hii si kweli.”

Nikamwambia sina hakika kama si kweli. Akaikunja barua, akaitia kwenye mkoba, akaita bodaboda, maana ofisi ya mchungaji ilikuwa inafungwa saa tisa.