Nilinyimwa msaada wa ulemavu kwa sababu nilimsalimia afisa vizuri mno

Wakuu, habari za asubuhi.

Wanaonizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama humu mpo wengi. Waliobaki nawaitikia marahaba kabisa kabla hamjanisalimia.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, mkulima wa vitunguu swaumu huku milimani, juu ya Dongobesh, wilaya ya Mbulu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali mnivumilie. Halafu sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vidole vyangu bado havijaamka. Simu nabonyeza kwa kifundo cha kidole gumba, kama mtu anayebisha hodi.

Nitakayoandika ni yangu mwenyewe. Mke wangu, Mama Anjela, yuko hapa jikoni anapuliza moto, na tumekubaliana nitamsomea kila kitu kabla sijatuma. Nikitia chumvi ataitoa.

Twende.

Ninaumwa baridi yabisi. Si yale magoti ya uzee ambayo kila mtu anayo, hapana. Hii inaingia kwenye viungo vya vidole, viganja, mabega, hata taya. Daktari wa hospitali kubwa alinieleza kwamba askari wa mwili wangu wamechanganyikiwa, badala ya kukamata wezi wanawapiga wenye nyumba. Nikamwambia daktari, hao askari nawajua, hata mnadani wapo. Akacheka mpaka akavua miwani.

Kabla ya kumfikia huyo daktari nilishajitibu sana. Nilipakwa mafuta ya kondoo mpaka mbwa wa jirani wakawa wananifuata njiani. Siku nyingine nikawaza, vitunguu swaumu si ninavyo magunia? Nikaviponda, nikavifunga kwenye vidole kwa kitambaa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kufungua, ngozi imebabuka kama nimeshika sufuria ya moto. Wakuu msijaribu. Na harufu yake ilikaa wiki mbili, kanisani nilikuwa na benchi langu peke yangu.

Nimetoka kwenye mada. Narudi.

Huu ugonjwa una tabia moja, na hapa mshike vizuri maana ndipo uzi wote umekaa.

Unaumiza zaidi ASUBUHI.

Nikiamka, vidole vimejikunja kama vya kuku aliyelala kwenye tawi. Kikombe sishiki. Kifungo sifungi. Lakini jua likipanda, mkono unaanza kufunguka kidogo kidogo. Kufika saa nne, saa tano, nashika kijiko. Ukinikuta saa nane mchana utasema huyu mzee ni mzima, anatafuta huruma tu.

Daktari alinipa vidonge vya kunywa siku moja tu kwa wiki. Vinasaidia kweli, ila kuna kupimwa damu, na alinionya nisikatishe, kwa sababu kiungo kikishapinda hakirudi. Mimi nilikuwa nakatisha. Mwezi huu nanunua, mwezi unaofuata mvua imeozesha vitunguu, naacha. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilipindia kwenye moja ya miezi hiyo ya kuacha. Kipo hapa nakitazama.

Ndipo mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba wenye ulemavu wajiandikishe. Ukikubaliwa unatibiwa bila kulipa, na kaya yako inaingizwa kwenye ruzuku.

Mama Anjela akasema nenda.

Nikamwambia mimi sina ulemavu, mlemavu ni mtu asiye na mguu.

Akasema, "Miguu unayo, Baba Anjela. Zipu ya suruali leo amekufunga nani?"

Kesho yake nikaenda kujiandikisha.

Nikapata fomu ya daktari, nikapata barua ya kijiji, nikaambiwa afisa ustawi wa jamii atakuja nyumbani kunitazama, Alhamisi saa nane mchana.

Sasa wakuu, kwetu huku mgeni akitangaza kwamba anakuja, unajiandaa. Mgeni hawezi kukukuta umelala, shati wazi, ndevu kama za mbuzi. Na ukikosa kumpa mkono ni sawa na kumwambia arudi alikotoka. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofanya.

Tangu asubuhi niliweka mikono kwenye beseni la maji ya moto. Nikanyolewa ndevu. Nikavikwa koti langu la Krismasi. Halafu nikameza vidonge viwili vikali vya maumivu nilivyokuwa nimevitunza kwa ajili ya harusi ya mtoto wa ndugu yangu.

Saa nane ikafika, bodaboda ikasimama, akashuka binti mmoja mrefu, anaitwa Rehema, kwao ni Katesh, wana duka pale. Ana kile kishikwambi chao mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, karibu sana!"

Nikampa mkono. Yaani nilimpa! Niliubana wake na kuutikisa kama tumekubaliana bei ya ng'ombe. Maumivu yakapanda mpaka kwenye sikio, nikaona nyota na jua likiwaka. Nikatabasamu.

Kiti nikambebea mwenyewe. Chai nikammiminia mwenyewe.

Akaanza kuuliza. "Babu, unavaa nguo mwenyewe?"

Sasa nimwambieje binti wa umri wa mjukuu wangu kwamba zipu nafungwa? Nikasema, "Navaa."

"Shamba unalima?"

"Nalima sana."

"Kula unakula mwenyewe, bila kusaidiwa?"

"Kwani mimi mtoto?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Nyuma yake Mama Anjela anakohoa, anakohoa, ananikodolea macho. Nikamwambia nenda kanywe maji.

Mnaona wenyewe tunakoelekea.

Majina yalipotoka langu halikuwepo. Mtendaji akanionyesha kwenye karatasi yake, mbele ya jina langu pameandikwa "anajimudu".

Nilikasirika wakuu. Nikaenda kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Boay, jirani yangu na rika langu, nikasema maneno mengi kuhusu nchi hii. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akauliza swali moja tu.

"Ulimpa mkono?"

"Nilimpa."

"Ule wa mnadani?"

"Ule ule."

"Basi shukuru hukuandikwa kwenda jeshini."

Watu wote kwenye mashine wakacheka. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamweleza Mama Anjela nikitegemea atanitetea. Hakunitetea.

Akasema, "Yule binti hajakosea. Ameandika alichokiona. Wewe ndiye ulimwonyesha mtu mwingine."

Nikasema ilikuwa heshima tu.

Akaweka chini ungo aliokuwa ameshika. Akasema, "Mimi ndiye ninayekuvika, Baba Anjela. Kila siku, miaka mitatu. Ukisema mbele ya mgeni kwamba unavaa mwenyewe, mimi nilikuwa wapi?"

Hilo neno lilinikaa. Hata sasa ninavyoliandika linanikaa.

...

Nimerudi wakuu, nilienda kunywa uji. Sasa ni saa mbili na robo, kidole gumba kimeanza kukubali kunyooka, mtaona nakwenda haraka kidogo.

Tuendelee. Nikarudi kwa mtendaji, nikasema nina malalamiko. Akasema haki hiyo ipo, afisa anaweza kurudi kutazama upya. Akampigia Rehema simu, akaniwekea sikioni.

Nikamwambia, "Mwanangu, naomba urudi, ila uje asubuhi."

"Sawa babu, saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Babu, hiyo saa mimi nitakuwa natokea wapi?"

"Sijui mwanangu. Lakini yule uliyemkuta saa nane alikuwa ametengenezwa tangu asubuhi. Njoo umwone ambaye hajatengenezwa."

Akacheka kidogo. Akasema kuna wiki atakuwa na kazi Dongobesh, atalala huko, atajaribu.

Akatimiza. Nasema hili kwa sababu humu tunawasema sana maafisa wabaya, na wapo, ila huyu alipanda mlima kwenye ukungu kwa ajili ya mzee aliyemdanganya.

Sasa sikilizeni vituko vya Mama Anjela. Siku hiyo alificha beseni. Akaficha vidonge vya maumivu. Mimi nilishamwahidi sitajiandaa, na nilikuwa na nia ya kweli, ila niliposikia bodaboda inapanda, mwili wenyewe ukaanza kutafuta koti. Unajua mtu uliyelelewa hivyo, huwezi kujizuia.

"Koti langu liko wapi?"

"Liko kwa Mzee Boay."

Nikajua ananitania. Wakuu, lilikuwa huko kweli! Alilipeleka jana yake jioni.

Basi Rehema akaingia, akanikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, shati wazi mpaka kitovuni, mikono iko mapajani imejikunja kama kitu kilichoachwa pale na mtu.

"Shikamoo babu." Akanyoosha mkono wake.

Niliutazama ule mkono. Nahisi niliutazama muda mrefu.

"Marahaba mwanangu. Mkono siwezi kukupa."

Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mgeni hivyo. Nilitamani ardhi inifiche.

Hakushangaa, wala hakusema pole ile ya haraka haraka. Akachuchumaa, akapitisha viganja vyake viwili chini ya mkono wangu, akaunyanyua taratibu, vile unavyonyanyua kifaranga.

"Ni hivi kila siku?"

"Kila siku."

Akakaa, akafungua kishikwambi, akauliza swali lile lile. "Babu, unavaa nguo mwenyewe?"

Mama Anjela alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Nikasema, "Ananivika mke wangu. Shati, suruali, mkanda, viatu. Miaka mitatu."

Mama Anjela akageuka, akarudi kwenye moto. Uji siku hiyo aliukoroga muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Nilidhani Rehema ataandika na kuondoka. Hakuondoka. Alikaa mpaka saa nne! Kila baada ya muda anasema, "Babu, jaribu kijiko." Nashindwa, anaandika na saa. Jua likasogea mlangoni, akaniambia nijaribu tena. Alikaa kama mtu anayesubiri maharage yaive. Saa nne kasoro kijiko kikakaa mkononi, akaandika na hilo.

Akasema ile fomu inauliza mtu anaweza nini, haiulizi anaweza saa ngapi, kwa hiyo ataeleza kwenye nafasi ya maoni. Halafu akasema, "Babu, nisamehe kwa ile mara ya kwanza nilipokuja."

Nikamwambia, "Mimi ndiye wa kusamehewa, nilikuchezea igizo." Na kwa kuwa ilikuwa saa nne, tukaagana kwa mkono. Safari hii niliushika taratibu, kwa nguvu niliyokuwa nayo tu.

Majina yalipotoka tena yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko pote. Jina langu, na neno "mwenye ulemavu", mbele ya watu niliocheza nao mpira wa matambara. Likasomwa.

Kisha sauti ya Mzee Boay kutoka nyuma: "Mwenyekiti, naomba mwongozo. Koti lake nimrudishie, au nalo limeandikishwa?"

Mkutano mzima ukavunjika kwa kicheko. Na mimi nilicheka, wakuu, nilicheka mpaka taya likauma, na mnajua taya langu.

Tangu wakati huo dawa haijakatika hata wiki moja. Kidole kilichopinda kimepinda, daktari amesema hicho tusahau, tulinde vilivyobaki. Vitunguu wanapanda wengine, mimi nachagua mbegu, kazi ya macho. Na mkono uliokuwa unafunguka saa nne, siku hizi mara nyingi saa tatu na nusu umeshafunguka. Mtu mwingine ataona nusu saa ni kitu kidogo. Mimi naihesabu kila asubuhi.

Nilichojifunza? Kwamba heshima ya mgeni ni kumpa ukweli pamoja na chai. Nilimwandalia vyote nikaacha kimoja, nikamlaumu kwa kutokukiona.

Na ninyi wenye wazazi vijijini, mkiwapigia simu mchana watawaambia ni wazima. Piga asubuhi mapema. Na kama ni baba, usimuulize yeye, muulize mama.

Waliowahi kupitia kuandikishwa kwenye wilaya zingine mtueleze ilikuwaje. Na mwenye uzoefu wa kichefuchefu cha ile dawa ya wiki, nini kilimsaidia, aseme, nitamuuliza na daktari. Komenti nasoma zote, ila majibu msitegemee kabla ya saa nne.

Nimeshamsomea Mama Anjela. Amesahihisha kitu kimoja tu: vile vidonge vya maumivu havikuwa viwili, vilikuwa vitatu.

Sasa ni saa tatu na nusu, na mstari huu nimeubonyeza kwa kidole, si kifundo. Vifungo vya shati bado. Namwita anakuja.