Maji Hayana Shemeji

Mtu wa Bariadi akitaka sakafu ya udongo isiyotuamisha maji, au uwanja wa kupuria mpunga usiopasuka jua likiwaka, humtafuta Mboje. Cheti hana. Ana gogo la kushindilia la mkwaju alilorithi kwa baba yake, ana kamba, na ana jicho la kushoto, maana la kulia hulifumba akipima. Tena ana desturi yake. Akimaliza kazi humwambia mwenye nyumba alete ndoo ya maji aimwage katikati, na yeye Mboje hukaa pembeni kimya. Maji yakielekea kule alikosema yataelekea, huchukua kofia yake akaondoka. Yakisimama, huanza upya bila kuambiwa.

"Maji hayana shemeji," husema. "Hayampendelei mtu."

Yeye mwenyewe shemeji anaye, Bundala, aliyemwoa mdogo wake Kabula. Bundala alikuja kwake akiwa hajui hata kushika beleshi sawasawa, na Mboje akamfundisha yote, mwinamo, kamba, udongo wa kichuguu unavyokandwa. Miaka kumi na minane wamefanya kazi pamoja. Ukimwita mmoja wanakuja wawili.

Mwaka huu, kabla ya mvua za masika, waliitwa mtaa wa Somanda kwa mama mmoja mstaafu, Gloria, aliyejifunza gofu alipokuwa akifanya kazi Arusha. Miguu yake sasa haitaki safari ndefu, hivyo alitaka nyuma ya nyumba yake pawe na kiwanja kidogo cha nyasi za plastiki, chenye shimo moja, mpira ukiguswa ujiendee taratibu mpaka utumbukie. Zulia la nyasi lilikuwa limeshafika, limeviringishwa kama mkeka wa msibani. Na lori lilikuwa limemwaga kokoto za kijivu kutoka upande wa Mwanza, siyo hizi zetu nyekundu.

"Hizo zinakaa chini ya nyasi," Gloria alieleza. "Zulia lina vitundu. Maji yanashuka, yanapita kwenye kokoto, yanapotea."

Mboje alicheka. "Mayu, mama yangu, kwetu maji hutoka kwa mwinamo, hayatoki kwa kuzama. Kokoto hizi ni uharibifu."

Gloria hakubishana. Alichukua ndoo akaimwaga juu ya lile lundo. Maji yakamezwa, hata tone halikubaki. Mboje akavua kofia. "Basi nimejifunza uzeeni," alisema, na siku hiyo hiyo wakaanza kuchimba. Majirani walichungulia juu ya ukuta. "Mboje, unawalimia mbuzi wa plastiki?" Akawajibu kwamba hao angalau hawali pamba ya mtu.

Upande wa mashariki aliumaliza yeye: kokoto, juu yake vumbi la kokoto, akashindilia mpaka gogo likalia kama ngoma. Kisha ikaja habari ya msiba wa shangazi yake huko Zagayu. Alikaa siku tatu. Aliporudi, Bundala alikuwa ameshamaliza upande wa magharibi na zulia limetandazwa, limechanwa kwa brashi, zuri hata unaona haya kulikanyaga.

"Umeshindilia vizuri?"

"Shemeji, amenifundisha nani? Wewe."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mboje hakuomba ndoo ya maji. Alikuwa ametoka kuzika, amechoka, na kazi ilikuwa ya mtu wake.

Masika yakaanza. Wiki haikuisha, Gloria akapiga simu. "Mzee Mboje, nusu ya kiwanja changu ni bwawa. Vyura wameshahamia. Njoo uniambie mwenyewe kulikoni, maana wewe ndiye niliyekuamini."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa kifuani. Jina lake ndilo shamba lake, hana lingine. Asubuhi akashika njia, na kwa kuwa kwa Kabula ni njiani, akapita kumjulia hali. Kabula aliteleza kwenye tope la uwanja wake mwaka jana akavunjika nyonga, na tangu hapo anatembelea fimbo.

"Mwangaluka, kaka! Usisimame hapo, ingia, tembea uone!" Alikuwa akitembea uani bila fimbo, anacheka. "Mvua yote hii, sijateleza hata mara moja!"

Mboje akatazama chini. Uwanja mzima, kutoka mlangoni hadi jikoni, ulikuwa umetandazwa kokoto za kijivu.

"Bundala aliniambia ulinipa wewe, yalikuwa mabaki ya kazi," Kabula alisema. "Jumapili nilitoa shukrani kanisani kwa jina lako. Si hukuja nikuambie?"

Mboje alisema ndiyo, hakuja. Kiti alikataa, uji alikataa. Alisema anachelewa.

Kwa Gloria alimkuta Bundala ameshatangulia, amesimama chini ya upenu na suruali imekunjwa. Mboje hakumsalimu. Aliomba ndoo mbili. Moja akaimwaga mashariki, maji yakazama papo hapo. Nyingine akaimwaga magharibi, maji yakakaa, yakaungana na yale ya mvua. Wakafunua pembe ya zulia. Chini yake palikuwa na udongo wa kichuguu mtupu, umekandwa laini kama wa uwanja wa kupuria.

"Kokoto zangu ziko wapi?" Gloria aliuliza.

Mboje akamtazama shemeji yake, akamsubiri. Moyoni alikuwa tayari hata kusema wamekosea wote wawili, kama tu Bundala angetamka neno moja la kweli. Mvua ilidondoka kutoka kwenye bati.

Bundala akakohoa. "Mama, muulize fundi mkuu. Si alisema mbele yako kwamba kokoto ni uharibifu? Mimi nilifuata alichoagiza. Zilizobaki sijui alizipeleka wapi."

Gloria akageuka kwa Mboje, na usoni mwake Mboje akaona kwamba neno lile analikumbuka.

Miaka kumi na minane. Alimwozesha dada yake. Alimpa kamba aishike upande wa pili, na mtu unayempa upande wa pili wa kamba hutegemei aikate.

"Nilisema hivyo, ni kweli," Mboje alijibu. "Kisha nikavua kofia mbele yako, mama. Kokoto zako ziko uani kwa dada yangu. Sikuzipeleka mimi, ila nitazileta mimi. Naomba toroli."

Bundala alifungua mdomo. "Shemeji..."

"Usiniite hivyo leo."

Alisukuma toroli tupu hadi kwa Kabula. Dada alipoliona alicheka. "Kaka, umeniletea nyingine?"

Akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, huku akitazama mikono yake. Kabula hakulia. Alikaa kizingitini, akanyoosha mguu mbovu.

"Nilisimama mbele ya watu wote," alisema. "Nikataja jina lako."

"Najua."

Mboje akashika beleshi. Kabula akachukua fimbo yake iliyoegemezwa mlangoni, akalizuia.

"Wewe kaa. Aliyeniambia ni zawadi ndiye atakayezichota, nami nikiwa namtazama."

Basi wakakaa, toroli katikati yao, wakimsubiri Bundala. Mvua ilirudi. Kwa mazoea Mboje akafumba jicho la kulia akaupima ule uwanja. Maji yalishuka polepole kati ya kokoto, yakaelekea shimoni nyuma ya jiko, hayakusimama popote. Ulikuwa umesawazishwa vizuri, kwa mwinamo ule ule aliomfundisha.