Miraba ya Nyasi

Hasira yangu ina ngazi, nami nazijua vizuri. Ya kwanza nanuna: naitika "ee" na "sawa" tu. Ya pili mikono inaingia, vyombo vinagongana jikoni. Ya tatu nanyamaza kabisa, na hiyo hata mimi naiogopa, maana nikifika huko nafungasha.

Nimezaliwa Chiwanda, ziwani, nikaolewa huku Mbinga milimani. Huku mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa miraba, kisha mkewe hufuata na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Yanabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua, ndiyo ngolo. Mwaka mmoja mdogo wake mume wangu alikuwa kazini Songea, basi mume wangu akamlazia nyasi mke wa huyo mdogo wake pia. Sawa, ni ndugu. Lakini nilipofika shambani nikaona miraba ya yule mwenzangu mikubwa, imenyooka, ya mtu anayeliweza jembe. Yangu midogo midogo, utadhani ya mtoto anayejifunza.

Wivu ulinishika. Yule ni mzaliwa wa hapa, jembe linamtii, na mama mkwe haishi kumsifu. Nikajiambia, haya, sasa hata mume wangu ameshaona mke hodari ni yupi.

Mchana kutwa nilinuna. Jioni sufuria zikaanza kulia. Mama mkwe akachungulia jikoni. "Mwanangu, hizo sufuria zimekukosea nini?"

Nikajua nikilala na jambo lile nitaamka kimya, na gari la ziwani huondoka asubuhi. Mama yangu alinifunza kwamba hasira isemwe ingali na maneno. Nikamfuata mume wangu uani, alikokuwa ananoa fyekeo.

"Kwa nini miraba yake mikubwa na yangu midogo?"

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliweka tupa chini.

"Yule amekulia kwenye kazi hii," akasema. "Wewe nilihofu ukichoka utarudi kwenu."

Wivu haukuisha, nisikudanganye. Mtu anakuhurumia, nawe ungependa akuone hodari.

"Mwaka ujao nilazie kama yake," nikamwambia.

Akanilazia. Mgongo uliniuma msimu mzima, na kila jioni aliniuliza kama nimechoka. Nikamjibu sijachoka.