Antivairasi Yenye Adabu

Nyumbani kwetu Naguru kompyuta haikai chumbani kwa mtu. Iko sebuleni, karibu na televisheni, na mama huifunika kwa kawa ya rangi rangi kana kwamba chini yake pana sinia la pilau. Wageni wake wengi huja na flashi: mawaidha, picha za harusi, nyimbo. Kwa akina mama wa Kinubi wa mtaa wetu flashi imechukua kazi ya bakuli. Ukiletewa na kitu ndani, huirudishi tupu. Unatia picha za mjukuu, unatia wimbo, ndipo unairudisha kwa mwenyewe.

Mimi nilitoka chuo kikuu na tabia ya kuuliza swali la pili hata pale la kwanza lilipojibiwa vizuri. Kompyuta ilipoanza kujikokota, na baba akatangaza kwamba tunahitaji antivairasi, niliuliza: ya kutulinda na nini? Na mbona anayetutisha ndiye huyo huyo anayetuuzia dawa?

Baba ni askari polisi mstaafu. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekamatwa bila kitambulisho.

"Ukikuta geti halina askari, utauliza wezi wako wapi?"

"Nitauliza huyo askari ametoka wapi, mzee."

"Mleteni kwanza," mama alisema kutoka jikoni. "Mtamhoji akiwa kazini."

Baba akachagua mwenyewe, programu ya majaribio yenye picha ya ngao na king'ora. King'ora ndicho kilichomnunua. Mlinzi asiyesikika, alisema, amelala.

Jumapili moja alasiri akaja Hajati. Yeye na mama walikua pamoja kwenye nyumba za kambi ya askari, mlango kwa mlango. Katika simu yake ya zamani alikuwa amekuta sauti ya bibi yangu, mamake mama, akiimba harusini. Bibi amefariki, na sisi hatukuwa na sauti yake popote. Hajati aliihamishia kwenye flashi na kuileta kwa mkono wake. Mama alitoa vikombe vya wageni.

Niliichomeka flashi. King'ora kikalia, kioo kikawa chekundu kote, na maneno makubwa ya Kiingereza yakatangaza kwamba kifaa hiki kimeambukizwa. Hajati, aliyefundisha shule ya msingi miaka yote ya kazi yake, hakuhitaji mkalimani.

"Kwa hiyo nimewaletea ugonjwa."

"Si wewe, Hajati," nilisema, "ni flashi tu."

"Na flashi ni ya nani?"

Baba akajaribu kusaidia. "Ni utaratibu, Hajati. Getini hata gari la kamanda hupekuliwa."

"Mimi nimekuja getini, au nimekuja kwa rafiki yangu?"

Alichomoa flashi, akaitia mkobani, akaondoka. Chai yake ilibaki mezani ikitoa mvuke, haijaguswa.

Mama hakupiga kelele. Aliifunika kompyuta kwa kawa yake, akatugeukia. "Tafuteni kitu kingine. Sauti ya mama yangu iko kwenye mkoba wa mtu aliyenuna."

Basi nikaanza kazi niliyoipenda, ya kutomwamini yeyote. Makala za kulinganisha programu zilisifu zile zile, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, zilikiri kwamba zinalipwa ukinunua. Programu moja ya bure ilitaka kadi ya benki. Nyingine ilileta matangazo mengi hata nikashindwa kuona tofauti yake na ugonjwa wenyewe. Baba akashauri tuweke mbili kwa pamoja, maana lindoni hapangwi mtu mmoja. Nilimruhusu, kwa sababu jaribio ni jaribio. Zile mbili zikaanza kushukiana zenyewe, na kompyuta ikaunguruma kama mashine ya kusaga, haiendi mbele wala nyuma.

Tulipoziondoa zote, ndipo nilipomwona mlinzi ambaye sikuwahi kumuuliza swali hata moja: yule aliyekuja na mfumo wenyewe wa kompyuta. King'ora cha baba kilipowekwa, yeye alisogea pembeni. Sasa alikuwa amerudi zamuni. Nilimhoji kweli kweli. Unakagua faili linapofunguliwa? Ndiyo. Unaweza kutenga kitu bila kukifuta? Ndiyo. Unapiga kelele mbele ya wageni? Kijitangazo pembeni tu.

Nikamwamuru akague nyumba nzima, kwa sababu king'ora kilikuwa kikitazama mlangoni tu. Akakuta kirusi chenye jina lile lile lililomfukuza Hajati. Kilikuwa ndani ya picha za harusi ya binamu yangu, picha ambazo mama aliwahi kuzitia kwenye flashi ya Hajati ili asiirudishe tupu.

"Mhalifu alikuwa ndani ya kambi," baba alinong'ona.

Nilidhani mama ataona aibu. Akapiga makofi. "Kumbe ni sisi! Alhamdulillahi!" Akavaa haraka, akajaza maandazi kwenye sahani, akanivuta mkono.

"Hajati," alisema mlangoni kwa rafiki yake, "ugonjwa ni wangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Nilijua!" Hajati aliipokea sahani kabla ya radhi. "Flashi yangu ilikwenda kwako nzima, ikarudi inachechemea."

Alirudi nasi siku hiyo hiyo. Niliichomeka flashi, nikakaa bega langu likiziba kona ya kioo. Kijitangazo kikatokea, kikasema kuna kitu kimetengwa, kikajiendea zake. Baba alinung'unika kwamba askari huyu mpya hapigi hata saluti.

Kisha bibi akaimba. Makofi, vigelegele, sauti yake ya kukwaruza kwa Kinubi. Katikati ya ubeti alikatiza wimbo kumkaripia mtu aliyeacha chungu wazi, halafu akaendelea pale pale alipoishia. Mama alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniambia nirudishe nyuma, pale pa chungu.

Giza lilipokaribia, Hajati alinyoosha mkono apewe flashi yake.

"Ngoja," mama alisema. "Haitoki hapa tupu."

"Sawa," Hajati akajibu, akaketi tena na kujimiminia chai. "Lakini mwambie huyu mtoto wako wa maswali ahoji kwanza hicho unachonitilia."